Mtoto wa Lugembe Apewe Jina la Nani?

Sogeeni, mnaopenda kubishana. Asiyependa ubishi abaki hapo alipo, maana hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, na kila mara wapo wawili walioondoka hawasemeshani. Sitaki lawama.

Palikuwa na machimbo ya dhahabu yaitwayo Ng'walida, na machimboni hapo palikuwa na kijiko kimoja tu. Si kijiko cha uji. Nasema ule mtambo wa cheni wenye mkono mrefu na bakuli la meno, unaochimba kwa saa moja kile ambacho wanaume ishirini huchimba kwa wiki. Ulitoka ng'ambo ukiwa umeshatumika miaka kumi na minne, na maandishi ya kwenye kioo chake hakuna aliyeweza kuyasoma isipokuwa namba. Mitambo ya namna hii haiendeshwi na opareta peke yake. Nyuma ya kiti kuna boksi la kompyuta, na kompyuta hiyo ndiyo inayoamua pampu itoe nguvu kiasi gani. Ikiridhika, mtambo unakula mlima. Ikitia shaka, inaubana mpaka unanyanyua mkono kama mgonjwa anayeomba maji.

Watu watatu wanahusika. Washikeni vizuri.

Wa kwanza ni Nyanjige, mwanamke opareta. Wengine huendesha mtambo kwa macho, yeye aliuendesha kwa mgongo. Akiwa kitini alijua jiwe lililo chini ya udongo kabla bakuli halijaligusa, na alijua mtambo unaumwa kabla kioo hakijaonyesha namba.

Wa pili ni Desdery, fundi umeme kutoka mjini. Huyu alikuwa haamini kitu ambacho hajakipima. Hata betri mpya, iliyotoka dukani saa hiyo hiyo, aliitia mita mbele ya muuzaji, na wauzaji hawakumpenda. Alizijua nyaya kama mtu anavyowajua watoto wa mtaani kwake: huyu wa nani, anatoka wapi, anakwenda wapi.

Wa tatu ni Kitwana, fundi wa kuchomelea, mzee aliyetoka Tanga miaka mingi nyuma na hakuwa na kwingine pa kurudi. Kipaji chake kilikuwa kukumbuka chuma. Kila mshono aliouchomelea aliujua kwa kuupapasa tu, na alikuwa anaweza kukwambia ni wa mwezi gani na siku hiyo alikuwa amekula nini. Hakuwahi kukataa kazi ya mtu. Kambi nzima ilimpenda.

Sasa sikilizeni desturi ya Ng'walida, maana humo ndimo ulimolala ugomvi wote. Mchimbaji akipata mtoto humpa jina la mtu aliye hai, na mtu huyo huwa wajina wa mtoto. Kwingine wajina ni mtu wa kuleta pipi sikukuu. Ng'walida sivyo. Baba akishuka shimoni asirudi, mama hubaki kuwa mama, lakini mzigo wa mtoto humwangukia wajina wake: chakula, shule, dawa na neno la mwisho. Ni baba wa pili aliyechaguliwa mapema. Mtoto hapewi wajina wawili; walishajaribu zamani, kila mmoja akamtegea mwenzake, na mtoto akalelewa na majirani. Tena mwanamume ambaye mtoto wake hajapata jina hapewi kamba ya kushukia shimoni. Hata abembeleze vipi.

Basi. Mtambo ule ulianza kuugua. Ukiwashwa asubuhi ulifanya kazi vizuri dakika kumi, kisha nguvu ziliisha, injini ikanguruma lakini mkono usiinuke, na kwenye kioo ikatokea namba. Kitabu kilisema namba hiyo ni ya presha ya pampu. Tajiri mwenye mtambo akabadilisha pampu. Namba ikarudi. Wakasema ni joto, akabadilisha rejeta. Namba ikarudi. Mwisho akasema mwenye makosa ni opareta, akamshusha Nyanjige kitini na kumpa kazi ya kubeba madumu ya dizeli. Kambi ikaanza kumwita Muua Mtambo. Alivumilia, lakini iliuma, na usiku hakuwa anatoka kwenda kupiga soga na wenzake kama zamani. Mtambo wenyewe ulikuwa umeahidiwa kwenda kuchonga barabara mbali sana na hapo, lakini mgonjwa hasafirishwi, kwa hiyo ukabaki. Hilo la barabara liwekeni akilini.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Siku ninayoisimulia, tajiri alikuwa amemwita Desdery kutoka mjini aje autazame mtambo. Alifika saa nne kasorobo na bodaboda, mkoba begani, hajakaribishwa hata chai.

Saa nne kamili ukingo wa shimo la Lugembe ukabomoka.

Lugembe alikuwa chini peke yake. Wenzake walikuwa juu, mapumziko. Kifusi kiliziba mlango wa shimo, lakini bomba la kompresa, lile linalopeleka hewa chini, halikukatika. Wakazima kompresa kidogo, mmoja akaweka mdomo kwenye bomba.

“Lugembe! Uko hai?”

“Niko hai! Nimejibanza kwenye pango la pembeni. Ila maji yanaingia. Yako magotini.”

Walijaribu sepetu. Kila sepetu moja waliyotoa, tatu ziliporomoka, na mtu mmoja nusura aende nazo. Kilichotakiwa ni kitu cha kusimama mbali na kuukata ukingo wote kutoka ubavuni, na kitu hicho kilikuwa pale, kimeegeshwa, kinaumwa.

Mke wa Lugembe, Milembe, alikuja mbio na tumbo la miezi tisa. Akapewa bomba. Alichomwambia mumewe ni chao wawili, lakini alichojibu Lugembe kilisikika na kambi nzima, maana alipaza sauti makusudi.

“Milembe, sikia, na wengine wote wasikie! Yule atakayeufanya mtambo ule ufanye kazi leo, mtoto wetu nampa jina lake!”

Na ahadi iliyotolewa na mtu aliye chini ya ardhi, pale Ng'walida, haitenguliwi na mtu yeyote aliye juu, hata na mwenyewe baada ya kupanda.

Opareta aliyemrithi Nyanjige akauwasha mtambo, akauelekeza kwenye shimo. Dakika kumi. Ulipofika mteremkoni ukafa nguvu, namba ikatokea.

“Ni joto hilo, nilisema!” tajiri alipiga kelele. “Umwagieni maji!”

Nyanjige akaweka dumu lake chini.

“Siyo joto,” alisema. “Na siyo dakika kumi. Dakika kumi ni safari ya kutoka pale unapolala mpaka kwenye mteremko. Ukisimama tambarare unafanya kazi kutwa. Cheni ya kulia ikipanda juu, ukalalia kushoto, ndipo unapokufa. Nilikwambia mara tatu, tajiri. Ukaniambia nibebe dizeli.”

Nyanjige alipanda kitini bila kuomba ruhusa, akaurudisha mtambo taratibu mpaka tambarare. Mkono ukainuka. Akapandisha cheni ya kulia kwenye tuta. Mkono ukaanguka. Akaurudisha. Ukainuka. Mara tatu, mbele ya watu wote. Na shimo la Lugembe lilikuwa mteremkoni, huwezi kulifikia bila kulalia kushoto, kwa sababu upande wa pili ndio uliobomoka.

Huo ndio mchango wa Nyanjige. Bila yeye wangeendelea kuumwagia maji.

Desdery alikuwa ameshafungua mkoba. Tajiri akamkimbilia na boksi lingine la kompyuta, amelitunza kwenye nailoni.

“Fundi, badilisha hii, upesi! Mtu anakufa!”

“Sibadilishi kitu nisichokipima,” Desdery alisema.

“Mtu anakufa, nakwambia!”

“Ndiyo maana sina muda wa kubahatisha, mzee.”

Akapima kwenye pampu, kwenye sensa, kile kifaa kinachoipasha kompyuta habari za presha. Ilikuwa nzima. Akapima kwenye boksi, mtambo ukiwa tambarare: habari inafika. Akamwomba Nyanjige aulaze kushoto. Kwenye pampu sensa ikaendelea kusema, kwenye boksi kimya.

“Sensa inasema, kompyuta haisikii,” alieleza. “Ikikosa kusikia inadhani pampu itapasuka, basi inaibana. Haina ubovu. Ni mwoga tu. Ugonjwa uko njiani, kwenye waya.”

Akatandaza waya mpya kwa nje, kutoka pampu mpaka boksi. Namba ikapotea! Watu wakashangilia, na mara namba nyingine ikatokea. Akatandaza wa pili, ikatokea ya tatu. Akasimama, akafuta jasho.

“Zimekatika nyingi, waya nilionao hautoshi kuzitandaza zote kwa nje, na zote zimekatikia mahali pamoja. Zinapita chini ya sakafu ya kebini, hiki chumba cha opareta. Raba iliyobeba kebini upande ule imechakaa, mtambo ukilala kebini nayo inalala, inazivuta. Lakini kuzifikia lazima tuinue kebini nzima. Kwa winchi ya mkono, mpaka jioni.”

Akaanza kutafuta mahali pa kufungia winchi.

Huo ndio mchango wa Desdery. Bila yeye wangefunga boksi jipya, wangepoteza saa nzima na wangebaki na namba ile ile.

Kwenye bomba, Lugembe alisema maji yako kiunoni.

Mzee Kitwana alikuwa amesimama nyuma ya watu tangu mwanzo, kofia yake ameishika kwa mikono miwili. Hakuna aliyemtazama. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumtazama. Angeweza kuondoka akaenda kukaa kwenye karakana yake, na mpaka leo mimi na ninyi tusingejua lolote.

“Msiinue kebini,” alisema.

Watu wakageuka.

“Miezi mitatu iliyopita nilichomelea ufa, hapo chini ya sakafu. Nilipaswa kuzitoa nyaya kwanza, nikaona zitanichelewesha. Moto ukashika. Zikaungua nyaya saba. Nikazisokota kwa mkono, nikazifunga kwa mpira wa tyubu, nikazifunika kwa chini na bamba la chuma, nikalichomelea. Nikanyamaza. Niliogopa kufukuzwa.”

Nyanjige alishuka kitini, akaja mpaka mbele ya mzee.

“Miezi mitatu, Mzee Kitwana.”

“Miezi mitatu, mwanangu.”

“Ulikuwa unanisalimia kila asubuhi. Unaniona na dumu kichwani.”

“Nilikuwa nakusalimia.”

Machozi yalikuwa yanamlenga Nyanjige, na alikuwa na hasira, hasira ya haki kabisa. Alitaka kumwambia mengi. Akatazama bomba la kompresa.

“Kata bamba lako,” alisema.

Kitwana akachukua grenda, akalala chali chini ya mtambo. Juu ya bamba lile palikuwa na nyaya zenye umeme na bomba la oili, na nafasi kati yake haizidi unene wa kidole. Fundi mwingine angekata popote, akamaliza nyaya zilizobaki au akawasha moto. Kitwana alipapasa mshono wake mwenyewe, akahesabu vidole viwili, akaanza. Cheche zilimwangukia shingoni, akawa anaguna tu bila kusimama. Baada ya dakika kumi na mbili bamba likaanguka kifuani pake, na nyaya saba zikaning'inia mbele ya Desdery, zimeoza kwa kutu ya kijani pale zilipokuwa zimesokotwa.

Huo ndio mchango wa Kitwana. Bila yeye, jioni.

Desdery akaziunga zote saba, kila moja akailehemu, akaivika tepu, akaipima. Kitwana akasokomeza kipande cha tairi mahali pa ile raba iliyochakaa ili kebini isiyumbe. Nyanjige akapanda kitini. Akaupeleka mtambo mteremkoni, ukalalia kushoto, na watu wote wakautazama mkono wa chuma.

Mkono ukainuka.

Alichimba kwa saa moja na nusu. Aliukata ukingo vipande vyembamba, kama anamenya, kwa sababu mgongo wake ulimwambia udongo upi umekaa na upi unataka kuondoka. Lugembe alitolewa saa tisa na robo, maji yalikuwa yameshafika shingoni. Milembe alilia mpaka wakamkalisha chini. Siku ya nne akajifungua salama.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kambi ilipokaa kikao cha jina, mpishi alisema mtoto ni wa Nyanjige. Yeye ndiye aliyeujua ugonjwa siku zote, akadharauliwa, na bado alipoitwa na shida akaja na moyo wake wote. Na mkono uliomtoa Lugembe ni wake.

Mwenye kompresa akasema hapana. Nyanjige alijua ugonjwa unatokea lini, hakujua uko wapi. Miezi mitatu anajua, na mtambo ukabaki mgonjwa. Aliyeuponya ni yule aliyepima, aliyekataa kuharakishwa, aliyeunga nyaya kwa mikono yake. Lugembe alisema nini? Atakayeufanya mtambo ufanye kazi. Basi ni Desdery.

“Desdery anaishi mjini,” mpishi alimjibu. “Alilipwa ujira wake akapanda bodaboda. Baba akifa, mtoto amfuate na mkoba?”

Mchimbaji mmoja mzee, asiyependa kusema, akasema Kitwana. Wakamcheka, wengine wakamzomea. Akangoja wamalize.

“Hao wawili walitoa walichokuwa nacho,” alisema. “Nyanjige alitoa ujuzi, Desdery alitoa ujuzi. Hawakupungukiwa. Mzee huyu alijitoa mwenyewe, nyumba yake, heshima yake, kazi yake. Hakuna aliyemuuliza.”

“Lakini ndiye aliyeharibu!” walimpigia kelele.

“Ndiyo, aliharibu. Na kama asingeharibu, mtambo ungekuwa wapi siku ile? Barabarani, mbali huko. Tungemtoa Lugembe na vijiko vya uji.”

Kikao chote kikavurugika. Maana lilikuwa neno la kweli, na lilikuwa neno baya, na hakuna aliyejua alipeleke wapi.

Milembe akaomba wanyamaze. Akawaita wote watatu, Desdery akaletwa kutoka mjini, wakaketi mbele yake. Alimpakata mtoto akawauliza kila mmoja swali moja: ukipewa, utafanya nini?

Nyanjige alisema, “Jina langu lilichafuliwa hapa. Likiitwa kwa mtoto huyu kila siku, asubuhi na jioni, nitajua limesafika. Nitamlea kama wangu. Ila sitakudanganya, dada, sehemu ya sababu ni faida yangu mwenyewe.”

Desdery alisema, “Mimi niko mbali, ni kweli. Kuja nitakuja. Sijawahi kuahidi kitu nikashindwa kukitimiza, ndiyo maana huwa siahidi mengi. Nikisema ada itakuwepo, itakuwepo. Kumbeba na kumbembeleza siahidi.”

Ikabaki zamu ya Kitwana. Tajiri alikuwa hajamfukuza bado. Alisubiri kuona jina litakwenda kwa nani, maana wajina wa mtoto wa kambi hafukuzwi kambini. Mzee alilijua hilo. Wote walilijua.

“Mimi nilimwona mtu akionewa kwa kosa langu, nikanyamaza miezi mitatu,” alisema. “Halafu nikaona mtu anakufa, sikuweza. Ndivyo nilivyo, mama. Sina zaidi. Ukinipa nitamlea, na sitamficha mambo haya.”

Milembe hakuamua siku ile. Siku ya pili hakuamua. Lugembe hana kazi nyingine anayoijua zaidi ya shimo, akiba imeisha, na wiki ya tatu akatoka asubuhi na kofia yake ya tochi, akaenda kuomba kamba. Mshika kamba akamuuliza anachomuuliza kila baba.

“Mtoto anaitwa nani?”

Lugembe akageuka kumtazama mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma yake na kitoto mgongoni. Wale watatu nao walikuwapo. Nyanjige alikuwa juu ya mtambo, ameuzima ili asikie. Desdery alikuwa amekuja tangu jana yake. Mzee Kitwana alikuwa amekaa kwenye tofali, kofia mkononi.

Najua mnachotaka kuniuliza: mtoto ni wa kike au wa kiume? Siwaambii. Mnataka mpate mlango wa kutokea. Ng'walida wapo wasichana wanaoitwa majina ya wazee wa kiume, na wapo wavulana waliorithi majina ya shangazi zao, wala hawana shida.

Na msiniambie nani anastahili sifa. Sifa ziko za kutosha, wote watatu tumewagawia na zimebaki. Ninachouliza ni kidogo kuliko hicho. Kamba iko mkononi mwa mshika kamba, na shimo ni lile lile lililobomoka. Siku Lugembe asipopanda, kuna mtu mmoja atakayekuja kumshika mtoto huyu mkono na kwenda naye nyumbani.

Mshika kamba anangoja jina. Je, wewe ungeamua vipi?